Kabla Hujapanda Mnara wa Taa

Mabibi na mabwana, hamjambo. Nashukuru kwa nafasi hii, na nitaitumia bila kuzunguka sana, maana ngazi za kuzunguka zinatosha huko mnakokwenda.

Wengi wanaotembelea mnara wa taa wa zamani hupanda hadi juu, hutazama bahari, hupiga picha, kisha hushuka. Bahari ingetazamwa hata kutoka kilimani. Ninachowaomba ni mwingie mle kama mtu anayeingia ndani ya injini. Mnara ni mashine. Kibanda cha mafuta kilicho nje, bomba lililo katikati ya ngazi, lile tufe la chuma juu ya paa, vyote viliwekwa kwa kusudi moja: nuru ifike mbali, tena kwa mpangilio ambao baharia hawezi kuuchanganya na wa mnara mwingine. Ukishalijua kusudi hilo, utajua pia pa kuweka mguu, kitu gani usikiguse, na kwa nini msimamizi anakuzuia kutoka nje siku ambayo kwako inaonekana shwari.

Njooni na daftari dogo. Kuna mambo manne ya kuandika: kimo cha taa kutoka usawa wa bahari, idadi ya paneli za lenzi (kile kioo kikubwa kinachoizunguka taa), upana wa lenzi kwa ndani, na muda wa mzunguko wake mmoja. Tutayahitaji jioni.

Kabla ya kufunga safari, ulizeni maswali matatu. La kwanza: lenzi ya asili iko wapi? Taa nyingi zilipofanywa kujiendesha zenyewe, lenzi za kioo ziliteremshwa zikapelekwa makumbusho, wakati mwingine kwenye ukumbi ulio hapohapo chini ya mnara, wakati mwingine mji mwingine kabisa. Juu kumebaki taa ya LED yenye ukubwa wa ndoo. Mtu amepanda vidato mia mbili akitarajia kioo kinachometameta, anakuta ndoo. La pili: wageni wanafika wapi? Minara mingine huishia kwenye chumba cha zamu, chini ya chumba chenyewe cha taa. Mingine hufungua mpaka roshani ya nje. La tatu, kwa mnara ulio kisiwani au juu ya mwamba: maji yanajaa saa ngapi?

Hili la tatu ndilo linaloponza watu. Mnara wa St Mary's, karibu na Whitley Bay huko Uingereza, uliowashwa mwaka 1898, uko kwenye kisiwa kinachofikiwa kwa njia ya zege, na njia hiyo hufunikwa kila maji yanapojaa. Cordouan, mbele ya mlango wa mto Gironde huko Ufaransa, hufikiwa kwa mashua wakati wa maji kupwa, na mgeni humalizia kwa miguu akikanyaga mchanga na maji. Mahali pa namna hii, ratiba ya maji ndiyo ratiba ya ziara.

Maji hayapandi kwa mwendo mmoja. Kutoka kupwa hadi kujaa ni zaidi kidogo ya saa sita. Kanuni ya mabaharia ni kugawa kimo chote cha maji mafungu 12: saa ya kwanza hupanda fungu 1, ya pili mafungu 2, ya tatu 3, ya nne 3, ya tano 2, ya sita 1. Yaani nusu nzima ya maji huingia katika saa mbili za katikati. Anayetazama saa ya kwanza akaona maji yamesogea kidogo tu, akajipa moyo na kuendelea na picha zake, ndiye anayekatiwa njia. Siku za bamvua, baada ya mwezi mwandamo na baada ya mwezi mpevu, maji hupanda zaidi na hukimbia zaidi kuliko siku za maji mafu. Nyakati nazo huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku, kwa hiyo saa ulizopewa jana usizitumie leo. Na ukikuta njia imeshafunikwa, usijaribu kuvuka hata kama maji yanaonekana ya magotini, kwa sababu yanakwenda kwa nguvu pembeni na huoni ukingo wa njia. Kaa kisiwani usubiri. Ni saa chache tu.

Mavazi nitayapitia upesi. Viatu vya kufunga, vyenye soli ya mpira. Ngazi nyingi za chuma za karne ya 19 zina vidato vyenye matundu. Kisigino chembamba hunasa, ndala huvuka. Mkoba uwe wa mgongoni, tena mdogo, kwa sababu mwisho wa safari mtahitaji mikono yote miwili. Simu ifungwe kamba ya mkononi. Kofia ziacheni chini. Kuhusu watoto, minara mingi huweka kimo cha chini kabisa, mara nyingi mita moja na kitu, na hairuhusu mtoto kubebwa. Wazazi hulalamika sana, lakini mzazi mwenye mtoto mgongoni akiteleza wanaanguka wawili, na mkono wa kujishikia hana.

Mkifika, msikimbilie mlango. Uzungukeni mnara kwa nje kwanza.

Tazameni rangi. Mnara hufanya kazi mchana pia, taa ikiwa imezimwa, na mchana kitambulisho chake ni rangi na umbo. Katika pwani ya North Carolina huko Marekani, ambako ufuo wote ni mchanga tambarare usio na kilima cha kutambulika, mnara wa Cape Hatteras una mistari myeusi na myeupe inayozunguka kama kamba, na ule wa Cape Lookout, pwani hiyohiyo, una miraba iliyokaa kwa pembe. Nahodha aliyeona mistari hakuhitaji kuuliza yuko wapi. Ndiyo maana rangi ya mnara haibadilishwi kwa kupendezesha. Imeandikwa katika vitabu vya mabaharia.

Tazameni na umbo. Ukuta ni mnene chini, mwembamba juu, ili uzito mwingi ukae karibu na ardhi na wimbi au upepo usipate pa kuupindulia. Aliyelionyesha hili vizuri ni mhandisi John Smeaton kwenye mwamba wa Eddystone, nje ya Plymouth huko Uingereza. Mnara wa kwanza pale, uliowashwa mwaka 1698, ulizolewa na dhoruba ya mwaka 1703, na mjenzi wake Henry Winstanley alikuwa ndani. Uliofuata, uliojengwa kwa mbao nyingi, uliungua mwaka 1755. Smeaton akajenga kwa mawe yaliyochongwa yakashikana kama vipande vya fumbo, kila jiwe likimfunga jirani yake, na akatafiti chokaa inayoganda hata ndani ya maji. Taa yake iliwashwa mwaka 1759 ikadumu zaidi ya miaka 120. Uliochoka haukuwa mnara, bali mwamba ulio chini yake, uliokuwa ukiliwa na mawimbi. Sehemu ya juu ikafunguliwa jiwe kwa jiwe na kujengwa upya mjini Plymouth, ambako mgeni anaipanda hadi leo. Kisiki kimebaki baharini, kando ya mnara wa mwaka 1882 uliochukua nafasi yake.

Sogeeni karibu na ukuta mtazame viungo vya matofali. Hapa ndipo minara mingi ya zamani inapougua, na ugonjwa wenyewe mara nyingi umeletwa na tiba. Ukuta wa zamani ulijengwa kwa chokaa, ambayo ni laini na inapitisha unyevu: maji yanayoingia hutoka tena kupitia viungo. Fundi wa baadaye akiona viungo vimelika huvijaza saruji. Saruji ni ngumu kuliko tofali na haipitishi maji. Unyevu unakosa njia, unatokea usoni mwa tofali, chumvi iliyomo inaganda na kupasua tofali kwa ndani. Ukiona matofali yaliyobonyea ndani huku viungo vimebaki vimetokeza kama mbavu, umeona saruji mahali pa chokaa. Kwa rangi ni vivyo hivyo: rangi ya plastiki juu ya ukuta wa chokaa huvimba malengelenge. Tone la maji likitoka ukilibonyeza lengelenge, tatizo liko ndani ya ukuta. Lakini tafadhali, msiyabonyeze.

Karibu na mnara, pengine hatua hamsini hivi, mtakuta kibanda kidogo cha matofali au cha mabati ya chuma. Watu hupita wakidhani ni choo. Ni stoo ya mafuta. Taa zilipotumia mafuta ya nyangumi au ya mbegu, mafuta yaliweza kukaa ndani ya mnara. Yalipokuja mafuta ya taa, yanayoshika moto kwa wepesi, yalihamishiwa nje. Kutoka pale mtunza taa aliyabeba mkononi hadi juu.

Sasa ingieni. Simameni chini katikati mtazame juu. Katika minara mingi kuna bomba au mfereji wima unaopita katikati ya ngazi au kando ya ukuta, na wageni huudhani ni dohani. Humo mlishuka uzito. Lenzi ilizungushwa na mashine inayofanana na ya saa ya ukutani: kipande kizito cha chuma kinaning'inia kwa waya, kinashuka polepole, kinazungusha magurudumu ya meno, nayo yanazungusha lenzi. Uzito ukikaribia chini, mtunza taa anaupandisha kwa mkono kwa kuzungusha mkono wa mashine. Mnara mrefu uliupa uzito safari ndefu. Mfupi ulimwamsha mtunza taa mara nyingi zaidi usiku. Ukiona mkono wa mashine umelika ukang'aa upande mmoja, ni viganja vya watu vilivyofanya hivyo.

Angalieni pia vijidirisha vya shaba ukutani, vingine vina vifuniko vya kuzungusha. Taa ya utambi inataka hewa, lakini haitaki upepo. Mtunza taa alifungua vijidirisha vya demani, upande usiopigwa na upepo, akafunga vya goshini. Hewa ikapanda, ikalisha mwali, ikatokea kwenye lile tufe juu ya paa, ambalo si pambo bali ni tundu la moshi na joto. Mfumo huu ukizibwa, mnara unaoza. Ndivyo ilivyotokea katika minara mingi ilipoachwa bila watu: taa ya umeme haihitaji hewa, madirisha yakafungwa, joto la jiko na la mwali likaisha, na mvuke ukaanza kujikusanya kwenye kuta za baridi na kutiririka juu ya ngazi za chuma. Kutu nyingi mtakayoiona imetoka ndani, si kwenye mawimbi.

Na tuzungumzie ngazi zenyewe. Kidato cha kawaida kina kimo cha sentimita 18 hadi 20, kwa hiyo vidato 150 ni karibu mita 28, kama ghorofa tisa. Cape Hatteras una vidato 257. Msishindane. Pumzikeni kwenye kila kituo hata kama hamjachoka, kwa sababu uchovu wa ngazi za kuzunguka huja na kizunguzungu, na kizunguzungu hakipigi hodi. Kidato ni kipana upande wa ukutani na chembamba upande wa ndani. Tembea ukutani, mkono mmoja ukishika reli daima. Usipishane na mtu katikati ya ngazi, subirini kwenye kituo. Ngazi zenye matundu huonyesha kina chote chini ya miguu, na hata watu wasio waoga hushtuka. Dawa ni kutazama kidato cha tatu au cha nne mbele yako, si kilicho chini ya mguu, na wala si kile cha mwisho kule juu. Msimamizi akisema watu wangapi kwa wakati mmoja, msibishane. Chuma cha kale kilichomiminwa hakipindi kabla ya kuvunjika kama chuma cha leo. Kinaweza kukatika ghafla penye ufa usioonekana chini ya tabaka za rangi.

Rangi hiyo nayo ina neno. Tabaka za zamani mara nyingi zina madini ya risasi. Msibandue magamba, wala mtoto asiyachezee, na osheni mikono kabla ya kula.

Mwishoni kabisa, kati ya chumba cha zamu na chumba cha taa, kwa kawaida kuna ngazi iliyosimama karibu wima. Panda ukiitazama, na kushuka pia shuka ukiitazama, kinyumenyume, kama unavyoshuka mnazini. Anayeshuka akiipa ngazi mgongo hujishikia kwa visigino tu.

Mmefika kwenye chumba cha taa. Mikono mifukoni, kwanza.

Lenzi mnayoiona imetokana na kazi ya Mfaransa Augustin Fresnel, na ya kwanza ya aina hiyo iliwashwa Cordouan mwaka 1823. Fresnel alifariki miaka minne baadaye akiwa na miaka 39. Alichofanya ni hiki. Mwali wa taa hutupa nuru pande zote. Sehemu kubwa inapotea angani na sakafuni, wala baharia haioni. Kioo kimoja kikubwa cha kuikusanya kingekuwa kinene mno na kingeinyonya nuru hiyohiyo. Fresnel akagundua kwamba kazi ya kupinda nuru inafanywa na uso wa kioo, si unene wake. Akaukata unene, akabakisha nyuso, akazipanga kama pete kuzunguka duara la katikati. Juu na chini, ambako kupinda tu hakutoshi, prizimu, yaani vipande vya kioo vya pembe tatu, huirudisha nuru kwa ndani kama kioo cha kujitazamia. Matokeo ni nuru iliyolala sawasawa na upeo wa macho.

Lenzi zina madaraja, na daraja mnaweza kulijua bila kusoma kibao. Kadirieni upana wa lenzi kwa ndani, kutoka kioo hadi kioo, mkipitisha jicho katikati. Daraja la kwanza, umbali kutoka mwali hadi kioo ni milimita 920, yaani upana wa mita 1.84, mtu mzima anasimama ndani. La pili ni milimita 700, la tatu 500, la nne 250, la tano 187.5, la sita 150. Kwa hiyo lenzi ya upana wa nusu mita ni ya daraja la nne, ya kuongoza ghuba au mlango wa bandari, si bahari kuu.

Sasa hesabuni paneli, yaani yale maduara ya katikati yaliyozungukwa na pete. Kila duara linarusha mwale wake, na lenzi ikizunguka, kila mwale unaompitia baharia ni mmweko mmoja. Lenzi ya paneli 4 inayomaliza mzunguko kwa sekunde 40 hutoa mmweko kila baada ya sekunde 10. Paneli zikikaa mbilimbili karibukaribu, na pengo likifuata, baharia anaona mimweko miwili na giza, halafu miwili tena. Hiyo ndiyo saini ya mnara, na kwenye ramani ya bahari hufupishwa hivi: Fl(2) 10s 36m 18M. Maana yake ni mimweko miwili katika kila sekunde 10, taa iko mita 36 juu ya bahari, na nguvu yake ni ya maili 18 za baharini. Lenzi isiyo na maduara, bali mkanda mmoja laini unaozunguka pande zote, ni ya taa tulivu isiyomweka.

Kwa nini tusiguse? Mafuta ya ngozi yanashika kwenye kioo pamoja na vumbi la chumvi. Kifungo cha koti kinatosha kukwaruza. Watunza taa wenyewe walivaa aproni za kitani wakiisafisha. Pia, gundi iliyoshika prizimu kwenye fremu za shaba imekauka kwa zaidi ya karne, na prizimu iliyolegea inaweza kutoka kwa kuegemewa tu. Kuna mapazia? Yaacheni yamefungwa. Lenzi inayokusanya nuru ya mwali kwenda nje hukusanya vilevile nuru ya jua kuja ndani, na jua likianguka juu ya kitu kinachoshika moto, moto utawaka.

Chini ya lenzi tazameni inakalia nini. Kama ni magurudumu madogo ya chuma yanayotembea juu ya reli ya duara, ni mfumo wa kale. Msuguano ulikuwa mkubwa na lenzi kubwa ilikwenda taratibu: ya paneli 8 ikizunguka mara moja kwa dakika 8 inatoa mmweko mmoja kwa dakika, na baharia aliyeyumbishwa na mawimbi aliweza kuukosa. Mwishoni mwa karne ya 19 Wafaransa wakaifanya lenzi ielee juu ya zebaki. Chini kuna mfereji wa duara, ndani yake kuna ringi inayokaribia kuujaza, na kati ya vyuma hivyo viwili kuna tabaka jembamba la zebaki. Kwa kuwa zebaki ni nzito mara 13.6 kuliko maji, tabaka hilo linabeba tani kadhaa. Lenzi nzito ikazunguka kwa kusukumwa na kidole.

Gharama yake ni mvuke wa zebaki, usio na harufu, unaodhuru mishipa ya fahamu kwa anayeuvuta muda mrefu. Ziara fupi katika chumba chenye hewa kinachopimwa si jambo la kuogopa. Lakini ukiona matone ya fedha sakafuni, usiyaguse, usiyafagie, usiyakanyage. Rudi ulikotoka umwambie msimamizi. Wenye pete za dhahabu wawe waangalifu zaidi: zebaki hushikana na dhahabu na kuiharibu.

Jambo moja kuhusu chanzo cha mwanga. Utambi wa mafuta ulitoa masizi, na masizi yalikuwa kazi ya kila asubuhi. Mwanzoni mwa karne ya 20 vikaja vichomeo vya mvuke wa mafuta ya taa, vinavyofanya kazi kama karabai: mafuta yanapashwa moto, yanageuka mvuke, yanawaka ndani ya kifuko kinachotoa mwanga mweupe. Msweden Gustaf Dalén naye akabuni vali inayofungwa na nuru ya jua na kufunguka gizani, taa za gesi zikaanza kujiwasha. Alipewa tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 1912, mwaka uleule alipopofushwa na mlipuko katika majaribio yake.

Ukitazama vioo vya nje vya chumba, mara nyingi utaona fremu zimekaa mshazari. Fremu ya wima ingefunika mwale mzima kwa baharia aliye upande huo. Ya mshazari hufunika sehemu tu. Na ukikuta kioo kimoja chekundu, nenda nyuma yake utazame baharini kwa mstari ulionyooka. Aghalabu utaona mwamba au fungu la mchanga. Baharia anayeiona taa nyekundu anajua yuko upande wa hatari.

Roshani ya nje. Nguvu ya upepo huongezeka kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa maradufu, msukumo ni mara nne. Kwa hiyo upepo ambao chini unapeperusha majani tu, juu unaweza kumyumbisha mtu mzima. Mlango kwa kawaida hutumika ulio demani, na hapo pametulia, ndipo mtu anapodanganyika. Akizunguka hatua chache anakutana na goshi na upepo unamkamata ubavuni. Tembeeni mgongo karibu na ukuta, na reli msiiegemee, maana miguu yake imekaa kwenye chumvi miaka yote. Mlango shikeni kwa kitasa, kamwe si kwa ukingo. Upepo ukiupiga, vidole vinabaki humo. Mkisikia radi hata kwa mbali, shukeni mara moja. Na kama mnara una honi ya ukungu inayofanya kazi, msisimame mbele yake, kwa kuwa hulia bila kuonya.

Mkiwa hapo juu, fanyeni hesabu ya kimo. Chukueni kipeuo cha pili cha kimo cha taa kwa mita, zidisheni kwa 2.08, mtapata umbali wa upeo kwa maili za baharini. Taa ya mita 36: kipeuo ni 6, umbali maili 12.5. Nahodha ambaye macho yake yako mita 4 juu ya maji anaongeza 4.2. Jumla ni karibu maili 16.7. Ili ile 12.5 iwe 25 mnahitaji taa ya mita 144, mara nne ya kimo, na huko juu kuna adui mwingine. Mnara wa zamani wa Cape Point, Afrika Kusini, uliwashwa mwaka 1860 zaidi ya mita 230 juu ya bahari. Siku za hewa safi ulionekana mbali mno. Siku nyingi ulikuwa ndani ya wingu wakati bahari chini iko wazi. Mwaka 1911 meli ya Kireno Lusitania iligonga mwamba hapo chini. Mnara mpya ukajengwa mita 87 tu juu ya maji. Wageni hupanda ule wa zamani, na ni sawa, lakini watazame chini wauone mdogo unaofanya kazi.

Jioni, msiondoke. Subirini taa iwashwe, ila msisimame chini ya mnara, kwa sababu nuru imelazwa sawa na upeo na inawapita juu ya vichwa. Nendeni mbali, mahali mnapoona taa yenyewe bila kizuizi. Chukueni saa. Pimeni kutoka mwanzo wa mmweko hadi mwanzo wa mmweko, au wa kundi hadi wa kundi, mara kumi, kisha gawanyeni kwa kumi. Linganisheni na mlichoandika: muda wa mzunguko kugawanywa kwa idadi ya paneli, au ya makundi ya paneli. Zikitofautiana sana, huenda lenzi mliyoiona haizunguki tena na mimweko inatoka kwenye LED iliyopangwa kwa umeme. Zikitofautiana kwa sehemu moja ya kumi, mmehesabu mimweko kumi badala ya nafasi kumi. Rudieni, na safari hii mmweko wa kwanza uhesabuni kuwa sifuri.